Kamusi Iliyoungua Upande Mmoja

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wakutubi, wahariri wa kamusi na wanafunzi wa lugha)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mstari wa mbele, wakutubi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojibanza kule nyuma karibu na mlango: asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie vitabu vya kale. Nikiachiwa uwanja huo wote tutalala hapa, kwa hiyo nimechagua kitabu kimoja tu. Tena ni kamusi, tena ya Kilatini. Naona wengine mmeshaanza kutazama saa. Nivumilieni.

Mwaka 1699, mjini Amsterdam, wachapishaji wa familia ya Huguetan walitoa kitabu kiitwacho De verborum significatione, maana yake "Juu ya maana ya maneno". Ukurasa wake wa jina unataja watu wawili wa kale, Sextus Pompeius Festus na Verrius Flaccus. Kisha unamtaja Mfaransa André Dacier aliyekiandalia maelezo. Halafu unaahidi maelezo kamili, yasiyokatwa, ya Joseph Scaliger, Fulvio Orsini na Antonio Agustín, pamoja na vipande na karatasi zilizotawanyika, na faharasa mpya. Hesabuni majina: yako sita. Na kuna la saba ambalo halikupewa nafasi pale juu, la mtu ambaye bila yeye nusu ya kitabu isingekuwepo. Kamusi gani hii inayohitaji waganga wote hao? Hicho ndicho kisa changu leo.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema, ili asiyekubali aanze kunoa maswali. Toleo la maandishi ya kale mimi nalipima kwanza kwa jinsi linavyopatendea mahali ambapo hakuna kitu. Msomi mwenye akili anaweza kujaza pengo lolote, na watu watampigia makofi. Kazi ngumu ni kuliacha pengo lionekane ni pengo.

Tumwanze Verrius Flaccus. Alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, akawa mwalimu wa sarufi jijini Roma wakati wa Kaisari Augusto. Habari zake tunazipata kwa Suetonius, mwandishi wa Kirumi wa wasifu, anayesema kwamba Verrius alivuma kwa namna yake ya kufundisha. Aliwashindanisha wanafunzi wa kiwango kimoja, akawapa mada ya kuandikia, na mshindi akapewa kitabu cha kale, kizuri au adimu. Walimu mliopo, mmesikia zawadi hiyo. Augusto akamchagua awafundishe wajukuu wake, Gaius na Lucius. Verrius akahamia ikulu na shule yake nzima, kwa sharti kwamba asipokee mwanafunzi mwingine tena, na mshahara wake ukawa sarafu za sesterti 100,000 kwa mwaka. Akafa mzee, zama za Tiberio. Katika mji wa Praeneste, ambao leo unaitwa Palestrina, alisimamishiwa sanamu karibu na ukuta wa marumaru wenye kalenda ya sikukuu aliyoipanga yeye. Vipande vya kalenda hiyo vilifukuliwa karne ya 18, na leo vimehifadhiwa Roma, katika Palazzo Massimo.

Basi kalenda imebaki, na kamusi imepotea. Ilikuwa kamusi kubwa ajabu. Herufi A peke yake ilimaliza vitabu visivyopungua vinne, na herufi P ilifika cha tano. Wala Verrius hakushughulika na maneno ya sokoni ambayo kila mtu aliyajua. Alikusanya maneno ya sheria za kale, maneno ya makuhani, maneno ya tamthilia ambazo watoto wa wakati wake walikuwa hawazielewi tena, majina ya mageti na vilima na mitaa ya jiji. Alikuwa akiiandika Roma iliyokuwa inatoweka machoni pake, na aliiandika akiwa analipwa na mtu yuleyule aliyekuwa anaijenga Roma mpya. Hilo nalitaja tu, silifuatilii.

Ilikwenda wapi? Mimi nadhani iliuawa na ufupisho wake. Karne ya 2 alitokea Festus, akaikata mpaka ikaenea vitabu 20. Mwenye vitabu 20 ana haja gani ya kununua vile vyote vya kwanza, na kila kimoja kinakiliwa kwa mkono? Lakini Festus tusimwonee. Hakuwa mtu wa kunakili na kufyeka tu. Anambishia Verrius waziwazi, na mara nyingine anamcheka. Mahali pamoja anatangaza mpango wake: katika wingi ule wa vitabu ataruka maneno "yaliyokwisha kufa na kuzikwa", ambayo Verrius mwenyewe mara nyingi alikiri hayana matumizi wala uzito. Kwa mtunga kamusi sijasikia tamko la ujasiri kama hilo, na sijasikia la hatari kama hilo. Nani anajua ni maneno gani aliyazika mara ya pili?

Karne ya 8 akaja wa tatu, yule asiyetajwa kwenye ukurasa wa jina: Paulo Shemasi, Mlombardi, mtawa wa Monte Cassino, mwandishi wa historia ya kabila lake. Alikwenda katika milki ya Charlemagne, mfalme wa Wafranki, kumwombea ndugu yake aliyekuwa mfungwa, akakaa huko miaka kadhaa miongoni mwa wasomi wa mfalme. Huyu akaichukua kamusi ya Festus, akaifupisha tena, akamtunukia Charlemagne kwa barua ya heshima. Katika barua hiyo anaeleza alivyofanya: yaliyozidi ameyaruka, yaliyofichika sana ameyafafanua kwa kalamu yake, mengine ameyaacha kama alivyoyakuta. Anamwahidi mfalme kwamba humo atakuta majina ya mageti, njia, vilima na makabila ya Roma. Ufupisho wa Paulo ulipendwa, ukanakiliwa sana, na ndio uliotangulia kupigwa chapa, Milano mwaka 1471. Kwa hiyo tunao mzima, kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Festus mwenyewe alibakia katika mswada mmoja tu duniani.

Nisimame hapa kidogo, maana jambo hili linatuhusu. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki, na imejaa maelezo marefu ya mila na maisha ya Mombasa. Mwaka 1903 ikatoka ya Madan, na mwaka 1939 ya Johnson, iliyojengwa juu ya ile ya Madan. Kila moja ilikuwa nyepesi zaidi kutumia kuliko iliyotangulia. Ni nani humu ukumbini aliyeifungua Krapf mwaka huu? Nawashukuru wawili mlioinua mikono. Tofauti yetu na Warumi ni kwamba ya kwanza bado tunayo.

Turudi kwenye ule mswada mmoja. Uliandikwa karne ya 11 juu ya ngozi, kila ukurasa una safu mbili za maandishi. Ulikuwa na mafungu 16 ya kurasa zilizokunjwa pamoja na kushonwa. Ulipojitokeza mbele ya wasomi karne ya 15, mafungu saba ya kwanza yalikuwa hayapo, kwa hiyo Festus wetu anaanzia ndani ya herufi M. Wa kwanza kutueleza vizuri ni mshairi na mhakiki wa Firenze, Angelo Poliziano. Aliuona Roma mwaka 1485 mikononi mwa Mgiriki mmoja aliyebobea katika Kilatini, Manilius Rallus, na anasema ulikuwa wa kale sana, umekatikakatika na umeguguniwa na panya. Anaongeza kwamba kurasa kadhaa za mswada huohuo zilikuwa zimeshikiliwa na Pomponius Laetus, mwalimu maarufu wa Roma. Wakutubi wenzangu, mnajua maana ya "zimeshikiliwa". Mafungu matatu, la nane, la kumi na la 16, baadaye hayakuonekana tena. Tunayajua kwa sababu tu watu wa karne ile walikuwa wameyanakili. Ndizo zile "karatasi zilizotawanyika" za ukurasa wa jina wa Amsterdam. Mafungu sita yaliyosalia yaliingia katika maktaba ya akina Farnese, yakahamia Napoli pamoja na mali za ukoo huo, na mpaka sasa yako katika Maktaba ya Taifa ya Napoli.

Panya ni wadogo. Kabla ya hapo kulikuwa na moto.

Naomba mchukue karatasi yoyote mliyo nayo, hata ratiba ya leo, mnifuate kwa makini. Fikirini ukurasa wa kulia wa kitabu kilichofunguliwa. Una safu mbili: ya ndani, karibu na mshono, na ya nje, karibu na ukingo. Moto ulikula kutokea nje. Safu ya ndani ikapona, safu ya nje ikaliwa: mistari yake inaanza vizuri, kisha inakatika katikati kwa sababu mwisho wake umeungua. Sasa geuzeni karatasi. Ukingo uleule ulioungua sasa uko kushoto. Safu ya nje ya upande huu imepoteza mianzo ya mistari, na mwisho wake umebaki. Ya ndani, tena, ni nzima. Kwa hiyo anayesoma Festus anapata safu moja nzima, halafu safu isiyo na miisho, halafu safu isiyo na mianzo, halafu nzima tena, na mzunguko huo unajirudia katika kila jani. Ndiyo maana kitabu hiki kinatesa kwa namna ya pekee. Kingekuwa kimeungua chote tungekilia tukamaliza. Hiki kinakupa sentensi tamu mpaka kwenye kitenzi, kisha kinakunyamazia.

Na hapo hapo ndipo wahariri walipopata pumzi. Kwanza, safu nzima inaonyesha mstari mmoja hubeba herufi ngapi kwa wastani, kwa hiyo katika safu iliyoungua unaweza kukadiria zimepotea ngapi. Pili, mara nyingi Paulo ana kidahizo hichohicho, yaani neno linalofafanuliwa, katika ufupisho wake, hivyo walau unajua neno lenyewe na kiini cha fasili yake. Tatu, Festus ananukuu washairi na sheria ambazo nyingine zimenukuliwa na waandishi wengine pia. Ukiwa na urefu wa pengo, kiini cha maana na nukuu inayofanana, unaweza kuanza kukisia. Mtego uko katika kile kitenzi: kukisia.

Antonio Agustín, Mhispania, mwanasheria na askofu, alitoa toleo lake Venezia mwaka 1559. Yeye aliurudia mswada wenyewe na kujaribu kutenga kipi ni cha Festus na kipi ni cha Paulo, kwa sababu matoleo yaliyotangulia yalikuwa yamewavuruga hawa wawili kama uji. Katika utangulizi wake anaufananisha mswada na askari ambaye wenzake wote wameuawa vitani, naye anajikokota amevunjika miguu, pua imekatwa, jicho moja limeng'olewa. Nimesoma tangulizi nyingi za wahariri wanaolilia miswada yao. Sijakutana na ya kuipita hiyo.

Kisha akaja Scaliger, mwaka 1575, kijana wa miaka 35 hivi, na ubongo ambao Ulaya ya wakati ule haikuwa nao wa pili. Alizisoma zile safu zilizoungua kana kwamba moto haujapita. Alipoona nusu ya mstari alisikia nusu nyingine. Alijua Kilatini cha kale, alijua sheria, alijua Kigiriki, na alikuwa na mshipa wa kubashiri. Kuna mahali ambapo wasomi wa karne zilizofuata hawakupata la kubadilisha katika nyongeza zake. Na kuna mahali ambapo alichokiandika ni Scaliger mtupu, Kilatini kizuri ambacho Festus hakuwahi kukiona. Msomaji wa kawaida atatofautishaje? Hawezi. Hapo ndipo mimi na Scaliger tunapoachana, ingawa yeye hana habari.

Miaka sita baadaye, 1581, Fulvio Orsini, mkutubi wa Kardinali Farnese, alitoa toleo lake mjini Roma. Mkutubi, nisikilizeni! Huyu alikuwa na mswada mkononi. Aliuchapa kama ulivyo, mstari kwa mstari, pengo kwa pengo, yaliyoandikwa na mkono wa karne ya 11 yakajulikana, na ya kukisia yakajulikana kuwa ya kukisia. Orsini hakuwa na kipaji cha Scaliger, na sifa yake haikuwa safi kila upande. Lakini ukiniwekea matoleo haya mawili mezani ukaniambia nichukue moja niende nalo nyumbani, nachukua la Orsini bila kujiuliza. La Scaliger nitakuja kuliazima kwako.

Nasikia minong'ono kule katikati. Ndiyo, najua mtasema: kitabu chenye matundu hakisomeki, na msomaji anataka sentensi kamili. Hoja hiyo ina nguvu. Nitajibu kwa kidahizo kimoja, tuone.

Katika herufi O kuna "Farasi wa Oktoba". Festus anasema kila mwaka mwezi wa Oktoba, katika uwanja wa Mars, farasi huchinjwa kwa ajili ya mungu Mars, naye ni yule wa kulia katika jozi iliyoshinda mashindano ya magari ya farasi. Kichwa chake hugombewa na watu wa mitaa miwili, wa Subura na wa Njia Takatifu. Wa Njia Takatifu wakikipata watakipigilia kwenye ukuta wa Regia, nyumba ya kale ya kifalme. Wa Subura watakipigilia kwenye mnara wa Mamilius. Na mkia wake hukimbizwa mbio hadi Regia, ili damu idondoke juu ya meko kabla haijakauka. Kisha Festus anabishana na wanaosema kwamba farasi anaadhibiwa kwa sababu Warumi wametoka Troia, na Troia ilitekwa kwa farasi wa mbao.

Sasa msome Paulo, mistari ileile. Ugomvi wa mitaa miwili upo. Mkia upo, damu ipo. Lakini kwamba farasi huyo ni mshindi, tena wa upande wa kulia, kumeanguka. Ubishi kuhusu Troia umeanguka. Na vitenzi vya Festus vinavyosema "huchinjwa" vimegeuka kuwa "alikuwa akichinjwa", kwa sababu Paulo ni mtawa wa Kikristo na kwake mambo hayo yamepita. Ufupisho wa maneno machache, na ibada nzima imehama kutoka uwanjani ikawa habari ya kale.

Msidhani kwamba Paulo ni wa kutupwa. Katika herufi P, yeye ndiye anayetueleza kwamba kichwa cha farasi huyo kilivishwa mikate, kwa kuwa sadaka ilitolewa kwa ajili ya mavuno. Kwa kipande hicho kidogo wasomi wamegombana kuliko watu wa Subura. James Frazer alimwona farasi kuwa roho ya nafaka. Georges Dumézil akasema hapana, hii ni ibada ya vita na ya ufalme. Ugomvi wote huo unasimama juu ya mistari michache ya Festus na mikate ya Paulo. Fikirini basi kama mhariri fulani, kwa wema wake, angekuwa ameongeza maneno matatu ya kuilainisha sentensi, na hatuna njia ya kuyajua. Watu wangekuwa wanajenga nadharia za dini juu ya mtu wa Paris.

Sheria nazo ni hivyohivyo. Meza Kumi na Mbili, sheria za Roma za mwaka 450 hivi kabla ya Kristo, hazikutufikia kwa ukamilifu. Tunazijua kwa nukuu, na Festus ni mmoja wa wabebaji wakubwa. Ni yeye pia aliyehifadhi sheria inayonasibishwa na mfalme Servius Tullius: mtoto akimpiga mzazi, na mzazi akapiga ukelele, mtoto huyo awe wa miungu ya wazazi. Sheria hiyo imo kwenye kamusi kwa sababu ndogo kabisa, kuonyesha kwamba kitenzi cha "kulia" zamani kilimaanisha kupiga ukelele. Na ni kwake tunapopata fasili ya "mtu aliyetengwa", homo sacer: ambaye umma umemhukumu kwa uovu, si halali kumtoa sadaka, lakini atakayemwua hahesabiwi kuwa mwuaji. Mwaka 1995 mwanafalsafa Giorgio Agamben aliichukua fasili hiyo akaitumia kujadili madaraka ya dola na maisha ya binadamu, na tangu hapo imejadiliwa na watu ambao jina la Festus hawajawahi kulisikia.

Toleo la Dacier lilitoka kwanza Paris mwaka 1681, katika mfululizo wa vitabu vya Kilatini vilivyoandaliwa kwa ajili ya mwana wa mfalme Louis wa 14. Msimamizi wa kazi alikuwa Pierre-Daniel Huet, aliyesisitiza faharasa za maneno. Dacier alikuwa bado kijana, na miaka miwili baadaye alimwoa Anne Lefèvre, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameshahariri kitabu chake mwenyewe katika mfululizo uleule, cha mwanahistoria Florus, mwaka 1674. Niwaambieni ukweli, wengi walimwona mke kuwa msomi hodari kuliko mume. Toleo la Amsterdam la 1699 lilichukua kazi ya Dacier na kuikusanyia wazee wote. Ukitaka kuona karne na nusu ya mabishano chini ya jalada moja, litafute hilo. Agustín analalamika, Scaliger anang'aa, Orsini ananyoosha kidole kwenye mswada, Dacier anajaribu kuwapatanisha. Kwa kujifunza jinsi wasomi walivyofikiri silioni linaloshinda. Kwa kujua Festus aliandika nini, nenda kwingine.

Kwingine ni Müller, mwaka 1839. Karl Otfried Müller, Mjerumani, aliweka Festus na Paulo kila mmoja mahali pake, na akagundua jambo ambalo watangulizi wake walikuwa wakilipita: kila herufi ina sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza maneno yanafuata alfabeti kwa namna fulani, mpaka herufi ya pili au ya tatu. Katika sehemu ya pili yanaonekana kama yamemwagwa ovyo. Mwaka 1887 Richard Reitzenstein alionyesha kwamba hayakumwagwa ovyo. Yamefuata vitabu ambavyo Verrius alikuwa akivisoma: rundo la maneno kutoka kwa mwandishi Cato, rundo kutoka kwa mtunga tamthilia Plautus, rundo kutoka vitabu vya makuhani. Maana yake ni nini? Ni kwamba Verrius hakuwahi kuzipanga upya kadi zake, kama angekuwa na kadi, na Festus aliyefyeka vitabu vingi hivyo hakusumbuka kugusa mpangilio. Kwa uvivu huo uliobarikiwa tunajua mtu mmoja wa wakati wa Augusto alisoma nini, na kwa utaratibu gani. Mhariri mwenye bidii angepanga kila kitu kwa alfabeti safi na kufuta alama zote. Vijana wa programu za kompyuta mliopo, mnaotaka kila data ipangwe kabla ya kuhifadhiwa, nawaomba mlifikirie hili mkiwa njiani kurudi.

Yaliyobaki nayataja harakaharaka. Miaka ya 1860 Theodor Mommsen alilichapa upya lile fungu la 16 kutoka kwenye nakala zake. Mwaka 1893 Emil Thewrewk akatoa Budapest picha za mswada katika mabamba 42. Mwaka 1913 W. M. Lindsay akatoa toleo la wachapishaji Teubner ambalo hadi leo watu hunukuu kwa kurasa zake: Festus ukurasa wa kushoto, Paulo wa kulia, wanatazamana. Karne hii, chuo cha University College London, yaani UCL, kimekuwa na mradi maalumu wa kamusi hii. Matoleo mengi ya zamani niliyoyataja yamepigwa picha na yako kwenye intaneti, bure. Mwanafunzi wa kule nyuma karibu na mlango anaweza kumfungua Scaliger kwenye simu kabla sijamaliza kusema. Asifanye hivyo.

Mwenyekiti ananionyesha karatasi yenye maandishi makubwa mekundu. Nimeiona. Nimalizie na kidahizo kimoja ninachokipenda, kwa heshima ya wazee wetu wa mbele.

Katika herufi S kuna msemo "wa miaka sitini, kutoka darajani". Inasemekana zamani Warumi waliwatupa watu wa miaka 60 kutoka darajani. Mwanzo wa kidahizo uko kwenye safu iliyoungua: mistari inaanza, inakatika. Tunachokiona ni jina la mtoa habari, Manilius, nalo nusu. Neno "miaka sitini". Jina la Dis, mungu wa kuzimu. Katikati, ukifungua matoleo, utakuta sentensi laini kuhusu watu wa kwanza kukaa Roma waliomtoa sadaka mtu mmoja kila mwaka, mpaka Hercules alipowazuia na kuwafundisha kutupa mtoni sanamu za matete badala ya watu. Sehemu ya sentensi hiyo ni ya Festus. Sehemu ni ya wahariri wake.

Inafuata sababu ya pili. Baada ya Wagali, waliokuwa wameivamia Roma, kuondoka, chakula kilikuwa haba, wazee wakaanza kutupwa katika mto Tiber. Kijana mmoja akamficha baba yake, na kila mji ulipopata shida mzee alitoa shauri kwa kinywa cha mwanawe. Ilipojulikana, kijana akasamehewa na wazee wakaachwa waishi. Naona vichwa vinatikisika. Bila shaka: hadithi ya kijana aliyemficha baba yake wengi mmeisimuliwa na bibi zenu, na hakuna bibi aliyewahi kumsoma Festus.

Halafu Festus anatoa sababu anayosema ndiyo ya hakika. Daraja si la mto. Ni kile kijia chembamba ambacho wapiga kura walipita mmoja mmoja kwenda kutoa kura. Siku za kwanza za utaratibu huo vijana walipaza sauti kwamba waliofika miaka sitini, ambao hawakuwa tena na wajibu wowote wa umma, waondolewe kwenye daraja hilo, ili wanaokwenda vitani wamchague wenyewe jemadari wao. Festus anaongeza kwamba hata mwanasarufi Sinnius Capito ana maoni hayohayo.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Maswali, mwenyekiti akiruhusu, tuanze na mstari wa mbele.